Inyamanza kwenye Kioo cha Faradji

Siku niliyoteremsha cherehani yangu Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, Faradji alinitazama kama mtu aliyeona kunguru ametua kwenye ukingo wa sufuria yake. Alikuwa amekaa kibarazani kwake, ng'ambo ya njia, futi ya kupimia shingoni, miguu juu ya cherehani bila kuisukuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wenyewe. Mwenyeji huyu hakupona. Nilipomsalimia aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaisogeza cherehani yake mpaka ukingoni mwa mtaro, pale wapita njia wanapogeuka wakitoka mpakani. Ndivyo tulivyoanza.

Mimi ni Kayitesi, Mama Ineza kwa watu wa mtaa. Nilizaliwa na kukulia Ngara, upande wa Tanzania, na Kiswahili changu wananicheka nacho hapa Gisenyi, eti cha redio. Nayaandika haya kwa sababu Faradji hatayaandika, na kwa sababu watu wanaomcheka siku hizi hawajui wanachokicheka.

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa mtu wa kuogopa kunyang'anywa. Baba yake, mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka upande wa Kongo, ndiye aliyeanza kushona kwenye kibaraza kile, na Faradji alijua kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kufunga viatu. Suruali za madereva, kanzu za Idi, sare za shule, vitenge vya akina mama wanaovuka kila siku kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, vyote vilipita mikononi mwake. Kisha nikaja mimi, mwanamke, tena na taa kubwa kuliko yake. Fahali wawili hawakai zizi moja, na ingawa mimi si fahali, Faradji hakutaka kusikia. Alitundika nguo zilizokwisha upande unaotazama kwangu ili mlango wangu usionekane. Mama wa Goma akichomoza kwenye kona na kitenge chake kichwani, Faradji alikuwa tayari amesimama, "Karibu maman, ni huku," mkono mmoja ukipunga kama wa polisi wa barabarani.

Ugomvi huo ulikuwa wake peke yake, maana mkewe hakuwa na habari nao. Mukamazimpaka alitoka Kanama, kwa wakulima wa maharagwe. Alisilimu alipoolewa, akafunga saumu zote, lakini jina la kwao hakuliacha. Siku ile ile ya kwanza aliniletea sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli lenye kifuniko, akasimama mlangoni hadi nilipoonja. Kazi yake ilikuwa kioo. Kilikuwa kioo kirefu, cha kumwonyesha mtu mzima mzima, kimeegemezwa ukutani mwisho wa kibaraza. Mteja akijaribu nguo, Mukamazimpaka alisimama kando yake na kusema ukweli: imekukaa, au haijakukaa, vua irekebishwe. Mteja akiondoka, alikifunika kioo kwa kipande cha kitenge cha zamani. Kila mara. Faradji alimtania mbele ya watu, akimuuliza kama kioo kinaona baridi. Yeye alicheka tu na kufunika. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya vumbi.

Juu ya kioo, pale paa linapokutana na ukuta, palikuwa na tundu, na tunduni waliishi inyamanza wawili. Huyu ni yule ndege mdogo mweusi kwa mweupe, anayetembea badala ya kurukaruka, akitikisa mkia kana kwamba anakubaliana na kila unalosema. Hapa kwetu hakuna anayemrushia jiwe, na kwa Abagesera, ukoo wa Mukamazimpaka, ni ndege wao hasa. Nyumba anamokaa inyamanza, alisema, ni nyumba yenye watu. Kila asubuhi aliwamwagia makombo ya ugali.

Anayewaona ndege hawa wakitikisa mkia hudhani ni wapole. Nimeshona mbele yao misimu kadhaa, na nakuambia hawana upole wowote. Shomoro walilitaka lile tundu. Kila mvua zikikaribia walikuja na manyasi yao mdomoni, wakijitia wapangaji wapya, na inyamanza wakawatoa mmoja mmoja hadi manyoya yakaanguka kwenye kapu langu la vitambaa. Inyamanza wengine wawili waliishi msikitini, kwenye mabomba ya kutawadhia, ambako maji hayakauki na inzi ni wengi. Mpaka kati yao na hawa wa kwetu ulikuwa nguzo ya umeme. Hakuna aliyeuchora, lakini mmoja akivuka nguzo kufuata mdudu, mwenye eneo alimwendea kifua mbele, wakapanda hewani uso kwa uso wakitukanana. Mukamazimpaka hakuamua ugomvi wa hao, ila shomoro aliwatisha kwa kupiga bati na mpini wa fagio. Nilimuuliza kama shomoro nao si viumbe wa Mungu.

"Ni ndege pia," alinijibu, "lakini hawa ni ba kwetu."

Adui wa kweli alikuwa kunguru, huyu mwenye fulana nyeupe, anayeshinda kwenye mikaratusi akipiga hesabu ya watoto wa wenzake. Akitua juu ya paa, inyamanza hawakujali ukubwa wake. Mmoja alimpita mbele ya macho, mwingine akamdonoa mgongoni, wakapokezana hivyo hadi lile jitu likaondoka na aibu yake. Nilitazama vita hivyo mara nyingi, uzi ukinikatikia. Vilihitaji wawili. Akiwa mmoja peke yake, kunguru humgeuzia kichwa tu na kuendelea na safari yake.

Kisha Mukamazimpaka akaugua figo. Alilazwa kwenye chumba kilicho nyuma ya ukuta wa kibaraza, na sauti yake ikafifia hadi haikuweza kuvuka dirisha. Aliomba apewe subana yake, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni asichomwe na sindano. Akihitaji maji, au kugeuzwa upande, aligonga nayo ubao wa dirisha. Ko, ko, ko. Sauti ndogo, kavu. Mimi niliisikia hadi ng'ambo ya njia.

Faradji aliisikia pia. "Nakuya," alijibu bila kugeuka, yaani anakuja, macho kwenye kona. Kona ndiyo iliyomtisha. Akiingia ndani kupeleka kikombe kimoja cha maji, mteja anaweza kuchomoza, na mimi nipo. Basi alimaliza mshono, akamngoja yule mama anayekuja, akahakikisha hajageukia kwangu, kisha ndiyo akaingia. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikavuka njia niende kwa mgonjwa. Alinizuia mlangoni, mkono huku na mkono huku kwenye miimo, akasema mgonjwa amelala. Nyuma yake subana iligonga. Nilimtazama, akatazama chini, lakini mlangoni hakuondoka. Alidhani nimekuja kupeleleza vitambaa vilivyomo ndani. Nilirudi kwangu, na kwa hasira nikakata vibaya mkono wa blauzi ya watu.

Mukamazimpaka alifariki siku ya soko, mchana. Faradji alikuwa amemfuata mteja hadi karibu na mlango wangu, ameshika kitenge chake upande mmoja na mwenyewe ameshika upande wa pili, kama watoto wanaogombea mpira. Alimpata. Aliporudi na ushindi wake hakusikia kugonga, akashukuru kwamba mkewe amepata usingizi, akakaa, akapinda suruali. Majirani waliompelekea mgonjwa uji ndio waliotoka wakiwa wameshika vichwa.

Siku chache kabla ya hapo marehemu alikuwa amempa mumewe wosia mmoja, na Faradji aliurudia msibani kwa kila aliyempa mkono. Asiache mtu awafukuze inyamanza, maana nyumba yenye inyamanza haijabaki tupu. Mvua zilikuwa zimeanza na jike alikuwa ameshalalia mayai. Faradji alisema akiwaona makinda wakiruka kutoka tundu lile, atajua kwamba nyumba yake bado ni nyumba. Hakuwa na jingine la kungojea. Mwanawe Mudathiru anaishi Goma na familia yake, huja akiweza, na mara nyingi hawezi.

Msiba ulipokwisha, kioo kilibaki wazi. Kile kitambaa cha zamani kilichukuliwa pamoja na nguo za marehemu zilipogawiwa, na hakuna aliyekumbuka kutafuta kingine.

Asubuhi moja nikasikia: ko, ko, ko. Nilisimamisha cherehani. Ng'ambo, Faradji alikuwa ameshainuka, mkasi umemponyoka, ameingia chumbani mbio. Alitoka polepole, ameshika ukuta. Hapo ndipo alipomwona inyamanza dume amesimama mbele ya kioo, mbawa ameziachia, akigonga kwa mdomo.

Vénuste, kaka wa marehemu aliyekuja msibani, alikuwa bado hajarudi Kanama. Alimtazama yule ndege akavua kofia. Akasema kwao, ndege wa ukoo akija kugonga kwa mfiwa hafukuzwi wala hazuiwi, kwa kuwa ni mtu wao ana neno. Shekhe wa mtaa alipopata habari alimwambia Faradji waziwazi kwamba maiti hagongi, amwombee mkewe dua na aachane na mambo ya Kanama. Faradji aliitikia, akaswali, akaomba dua. Lakini masikio yake yalikuwa yameshachagua.

Tangu hapo kila ndege alipogonga, Faradji alikwenda. Aliacha nguo kwenye sindano, aliacha mteja amenyoosha mikono apimwe, akaenda kuchuchumaa kando ya kioo na kuzungumza kwa sauti ya chini. Mtu ambaye hakusogea hatua moja kwa ajili ya mwenye uhai, sasa alikimbia. Wateja wengine walichoka kusimama mikono juu wakaja kwangu, na hakugeuza hata shingo kuwatazama. Na kila asubuhi alikifuta kioo kwa maji na gazeti mpaka kikang'aa, ili ndege aone vizuri.

Mimi ndege yule nilimwelewa, na si kwa elimu yoyote. Vijana wa pikipiki wa hapa hapa huvalisha vioo vyao soksi kwa ajili yake. Akitazama kioo haoni kioo. Anaona dume mwingine amesimama ndani ya eneo lake, chini ya tundu lake, kifua mbele, na kila pigo analompiga anarudishiwa. Hawezi kumshinda na hawezi kumwacha. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na huyu alikuwa akiumiza mdomo. Tena kulikuwa na baya zaidi. Mayai yalikuwa yameanguliwa, vilio vya makinda vinasikika, na dume halishi. Jike alikwenda na kurudi peke yake, mdomo umejaa wadudu, manyoya yamemsimama kwa uchovu.

Nikavuka njia. Nilimwomba Faradji kwa heshima zote akifunike kioo mpaka makinda wakue, hata kwa gunia. Nilimweleza habari za soksi za pikipiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Ineza," alisema, "we ulikuya kwa hii njia ukabeba batu yangu. Bon, nikanyamaza. Sasa unataka nifunike kioo, batu baende kujiangalia kwako?"

Nilimwambia sina haja na watu wake, na kwamba ndege huyu anapigana, na watoto wake watakwisha. Alitikisa kichwa pole pole, na macho yake yakajaa maji.

"Haiko anapigana. Iko ananiita. Wakati ule alikuwa ananigongea, mi nasema nakuya, nakuya. Sasa sitasema vile tena."

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Kesho yake nilijaribu tena, akanigeuzia mgongo, akaendelea kufuta kioo.

Kunguru hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alikuja kabla ya adhuhuri, jua limepiga kioo sawasawa, akatua juu ya bati, akatembea hadi ukingoni. Jike alimrukia usoni, akapiga kelele, akazunguka akamdonoa mgongoni. Kunguru alimgeuzia kichwa tu. Dume alikuwa chini yao pale pale, ko, ko, ko, anapigana kwa nguvu zake zote. Na kando ya dume, Faradji amechuchumaa, kichwa ameinamisha, anasema, "Niko hapa. Niko hapa."

Nilipiga ukelele nikarusha rula yangu ya mbao. Faradji aliinua macho akanitazama mimi, hakutazama paa. Nadhani aliona adui yake anamrushia vitu. Kunguru alitoa kinda, akaruka nalo hadi kwenye mkaratusi, na kabla sijapata fagio alikuwa amerudi kwa lingine. Niliporuka mtaro, tundu lilikuwa kimya. Jike alikuwa amesimama kwenye waya wa umeme, mdudu bado mdomoni, akitazama huku na huku, asijue ampe nani.

Dume alikuwa bado anapigana.

Hapo ndipo Faradji alipoona. Alitazama tundu, akatazama majani makavu yaliyoanguka begani kwake, akatazama ndani ya kioo, na yule ndege akagonga tena kwa nguvu zile zile. Niliona uso wa mzee unavyobadilika. Sijawahi kumhurumia mtu mzima namna ile, na huyu ndiye aliyenichukia kuliko wote katika mtaa ule. Alivua koti lake akalitupa juu ya kioo.

Ndege akaacha. Alimtafuta adui yake mbele ya koti, akatembea nyuma ya kioo, akarudi mbele, mkia ukitikisika. Hakumwona mtu. Basi akaruka juu, akaingia tunduni, akatoka, akaingia tena. Faradji alisimama chini yake muda wote huo na mikono yake imekaa kama ya mtu anayeomba dua, ila hakuwa akiomba chochote.

Wale inyamanza walizunguka paa kwa siku chache, kisha hatukuwaona tena. Nilipita msikitini nikitumaini wamehamia kule, nikawakuta wale wale wawili wa mabombani, na eneo lao sasa limevuka nguzo ya umeme na kufika hadi mtaroni kwetu. Shomoro waliingia kwenye tundu na manyasi yao. Hakuna aliyepiga bati.

Halafu siku moja Faradji alivuka njia akaja kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nifike, amebeba kioo mgongoni, kimefungwa ndani ya koti. Nilimpa kiti, hakukaa. Aliniomba nikiweke ndani kabisa, kwenye ukuta wa nyuma, mahali ndege asipofika. Nilimsaidia kukitua. Alibaki amekishika juu, kana kwamba kitaanguka.

"Muke yangu alikuwa anakifunika kila saa," alisema. "Mi nikamucheka, nikasema kioo inasikia baridi. Kumbe yeye alikuwa anajua. Hakunieleza, sababu hata angenieleza, nilikuwa naangalia kwako tu."

Nilimwambia yaliyopita si ndwele, kama watu wanavyoambiana. Hakulipokea neno hilo, na sikumlaumu, maana hata mimi nilipolitamka nililiona jepesi.

"Ule ndege alikuwa anapigana na mutu asiyekuwako," alisema. "Na nyuma yake nyumba inaisha. Mi nilifanya vile vile, Mama Ineza. We haukuwa unanitaka kitu."

Nilimwambia kweli, sikuwa namtaka kitu. Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomvusha njia, kioo kilikuwa kisingizio tu.

"Subana, ulikuwa unaisikia?"

"Nilikuwa naisikia, mzee."

"Mpaka huku?"

"Mpaka huku."

Alitikisa kichwa, akachukua koti lake, akaenda.

Siku hizi ameiondoa cherehani mtaroni. Ameiweka ndani, chini ya lile dirisha la chumba cha mkewe, mahali ambapo mteja hamwoni na yeye haoni kona. Mimi humpelekea suruali, kwa sababu sizipendi na yeye anazipinda kuliko mtu yeyote Gisenyi, naye huniletea magauni. Wateja wakitaka kujiona huja kwangu, nami nasimama kando ya kioo na kuwaambia ukweli kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Wakiondoka, nakifunika, ingawa ndani humu hafiki ndege.

Watoto wa mtaa wamegundua mchezo. Wanagonga mlango wa Faradji na kukimbia, na mzee hutoka kila mara, kila mara, nguo mkononi, uzi unaburuzika nyuma yake, akatazama njia nzima kabla ya kurudi ndani. Watu wazima wanacheka, wanasema akili imemhama. Mimi nimewafokea watoto hao hadi sauti ikakauka, na hao wakubwa zao zaidi.

Ila nenda ugonge mwenyewe kama una suruali ya kupinda. Usijisumbue kugonga mara ya pili. Hasemi tena nakuya. Kabla hujashusha mkono, ameshasimama mbele yako, anahema, na anakutazama usoni kwanza, ndipo anakuuliza unataka nini.